Nyufa za Mkunazini na Fedha za Waumini

Wapo watu ambao hushangaa kila wasikiapo kwamba waumini wa kanisa fulani wamechangishana fedha ili kulikarabati jengo lao. Je, huuliza, fedha hizo zisingenunua dawa? Zisingewasomesha watoto wa maskini? Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa hasira. Lakini mara nyingi waulizao huwa hawajapata kulitazama jengo lenyewe.

Na walitazame basi Kanisa Kuu la Kristo lililopo Mkunazini, mjini Unguja. Lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule ambapo Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alilifunga soko la watumwa. Nalo likajengwa juu ya uwanja wa soko hilo hilo. Ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye alipofariki mwaka 1882 alizikwa humo ndani, nyuma ya altare. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Husimuliwa kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa kichwa chini askofu alipokuwa safarini, nazo zimebaki hivyo hadi leo, zikichekesha wageni na kubeba mzigo wake vilevile.

Adui mkubwa wa jengo la namna hiyo ni maji. Mfereji wa paa ukiziba, maji huteremka ukutani, matumbawe huyanywa, chumvi hujitokeza juu na lipu ikabanduka. Hapo ndipo lifanyikapo kosa la kusikitisha. Mwenye haraka huleta mfuko wa saruji, akaziba, akapaka rangi, na watu wakapiga makofi. Kumbe saruji huyafungia maji ndani, na ukuta ukaendelea kuoza nyuma ya sura nzuri. Chokaa huuacha ukuta upumue, ila yataka fundi aijuaye, yataka subira, na yataka kurudiwa kila baada ya muda. Hiyo ndiyo gharama ambayo mpita njia haioni.

Matokeo ya kuahirisha yanajulikana Unguja kuliko kwingineko. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Matengenezo yalikuwa yamefika, lakini yalifika baada ya uchakavu wa miaka mingi.

Kanisa la Mkunazini lilipata bahati. Kati ya mwaka 2013 na 2016 lilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa ushirikiano wa dayosisi na shirika la World Monuments Fund, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Yamkini mtu atasema: ikiwa wafadhili wapo, waumini watoe cha nini? Jibu ni kwamba mfadhili huja na mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Akishaondoka, mifereji hubaki na wenyewe. Na wenyewe hapa ni usharika mdogo katika kisiwa chenye Waislamu wengi mno, ambao husaidiwa kwa sehemu na viingilio vya watalii.

Jengo hilo, hata hivyo, si la usharika peke yake. Katika uwanja wake, ndani ya nyumba iliyokuwa hospitali ya misheni, yapo maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa. Na nje ipo sanamu ya mwaka 1998 ya watu waliofungwa minyororo shimoni. Waliouzwa hapo walitoka Nyasa, Manyema na kwingineko, na wajukuu wao leo wamo katika dini zote. Senti ya muumini inayoziba ufa inalinda pia ushahidi wa watu hao.

Haimaanishi kwamba kila mchango uitwao ukarabati unastahili jina hilo. Kuna mahali ambapo paa linavuja, lakini kamati inajadili vigae vinavyong'aa na madirisha ya alumini kwa sababu usharika wa jirani umeweka. Hiyo ni fahari, na mjane atoaye shilingi yake ana haki ya kuikataa. Ana haki pia ya kusomewa hadharani mapato na matumizi, fundi aliyelipwa na chokaa iliyonunuliwa, kabla kapu halijapitishwa mara ya pili.