Kabla ya Risasi, Neno

Wasomi wa Kiarabu wenye fikra huru wametuambia kwa muda mrefu kwamba ugaidi hauanzii kwenye mtutu wa bunduki. Farag Foda, aliyetetea kutenganishwa kwa dini na dola, aliitwa murtadi kwanza. Wenye bunduki walimfuata baadaye, jijini Cairo, Juni 1992. Oktoba 1994 Naguib Mahfouz, mzee wa miaka 82, alidungwa kisu shingoni, na mkono uliompatia Tuzo ya Nobeli ukawa hauandiki tena sawasawa.

Mimi, mwalimu wa isimu, humkumbuka zaidi Nasr Abu Zayd. Kosa lake lilikuwa kuisoma Kurani kwa mbinu za taaluma yetu, akiuliza maneno yake yalikuwa na maana gani kwa walioyasikia mwanzo. Mwaka 1995 mahakama ilimtangaza kuwa ameritadi, ikaivunja ndoa yake. Yeye na mkewe, naye mhadhiri, wakahamia Uholanzi. Hapo hapakuwa na gaidi, wasomaji wangu. Palikuwa na mawakili na mahakimu.

Nakubaliana na wasomi hao, ila baadhi yao huyalaumu mahubiri na kuyanyamazia magereza. Sayyid Qutb, aliyenyongwa mwaka 1966, aliandika akiwa kifungoni kitabu ambacho wakereketwa wangali wakikirejelea. Serikali iliyomtesa ina sehemu yake katika mavuno hayo.

Nasi tuliowazika wanafunzi wa Garissa mwaka 2015, je, ni darasa gani letu linalomfundisha kijana kulihoji neno “kafiri” kabla hajalipokea kwa mhubiri wa kichochoroni?