Ujue Mfereji wa Jikoni Mwako

Mwezi huu tunaingia jikoni, kwenye karo la kuoshea vyombo.

Dada yetu mmoja alihamia Mgogoni, Pemba, akimfuata mumewe kikazi. Dukani aliomba bomba, akaonyeshwa paipu. Kumbe alichotaka, wenyeji hukiita mfereji! Hilo lilikuwa la kuchekesha. La kusikitisha ni kwamba mfereji wa jikoni mwake ulichuruzika usiku na mchana, na tangi lililojazwa siku ya mgao likawa linakauka kabla ya mgao mwingine. Binti yake akawa anabeba ndoo alfajiri kabla ya kwenda shule. Baba akaona dawa ni kununua mfereji mpya unaong'aa. Je, ilikuwa lazima? Kwanza tuijue mifereji yenyewe.

Wa kuzungusha. Huu unaufunga kwa kuuzungusha mara kadhaa. Ndani mna washa ya mpira inayokandamiza tundu la maji. Mpira ukilika, maji hudondoka. Tukikaza kwa nguvu tunazidi kuuharibu.

Wa mkono mfupi. Tumeuzoea uani. Ndani mna tufe la chuma lenye tundu. Robo mzunguko tu, umefunga. Ni imara, lakini ukiharibika kwa kawaida hununuliwa mwingine.

Wa visahani vya kauri. Nao hufungwa kwa robo mzunguko, na ni mwepesi hata kwa mikono ya bibi. Adui yake ni mchanga, ambao hukwaruza visahani. Kabla ya kuufunga, fundi ayaache maji yatoke kwenye paipu mpaka yawe safi.

Wa kishikio kimoja. Huu huchanganya maji ya moto na ya baridi. Mmarekani Alfred Moen alipata wazo lake mwaka 1937 baada ya kuunguzwa mikono na maji ya moto, nao ukaanza kuuzwa 1947. Ni mzuri, ila kama nyumba haina paipu ya maji ya moto, unalipia usichokitumia.

Kwa nyumba yenye maji ya mgao, sisi tunapendelea ule wa kwanza, kwa kuwa mama mwenyewe anaweza kuutengeneza. Fanya hivi:

1. Funga koki kubwa ya tangi au ya mita, kisha fungua mfereji maji yaishe.
2. Ziba tundu la karo kwa kitambaa, skrubu isipotee.
3. Ondoa kishikio, fungua kichwa cha mfereji kwa spana.
4. Toa mpira wa zamani, nenda nao dukani upate wa kipimo hicho hicho.
5. Rudisha vyote. Tangu hapo funga kwa nguvu ya vidole tu.

Ukiendelea kudondoka, huenda kikalio cha shaba kimelika. Hapo mwite fundi.

Tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku; yaani ndoo ya lita 20 haimalizi siku tano. Matone yakiungana kuwa uzi, hasara ni kubwa zaidi. Tena, maji yakikatika, hakikisheni mifereji yote imefungwa kabla ya kulala, yasije yakarudi usiku yakamwagika bure.

Dada yetu aliazima spana kwa jirani, akabadili mpira. Fedha ya mfereji mpya ilibaki, na binti akapata usingizi wake wa alfajiri.

Katika Yohana sura ya 6, Bwana alipokwisha kuwalisha maelfu aliagiza mabaki yakusanywe. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate hakuruhusu makombo yapotee. Nasi tusidharau tone. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.