Mambo ya Ufundi: Shoka, Moto na Maji

Watu wengi hudhani ya kuwa chuma kigumu kupita vyote ndicho chenye nguvu kupita vyote. Mhunzi ajuaye kazi yake hasemi hivyo. Yeye anafahamu kwamba patasi ngumu isiyoshikwa na tupa yaweza kupasuka kama kioo kwa pigo moja la nyundo, na kipande chake kikampofusha mtu.

Chuma cha pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, nayo ndiyo asili ya makaa. Sehemu 8 tu katika 1,000 zatosha kukifanya kigumu sana. Kikitiwa motoni mpaka kiwe chekundu barabara, kaboni huenea ndani yake kama chumvi katika maji. Kikipoa polepole, kaboni hupata nafasi ya kujitenga, na chuma huwa laini. Lakini kikizimishwa majini ghafula, kaboni hunaswa pale pale ilipo. Hali hiyo wataalamu huiita matensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Ni ngumu mno, lakini haijui kupinda; ikilemewa huvunjika.

Kwa hiyo fundi hukirudisha chuma motoni mara ya pili, kwa joto dogo, akitazama rangi ya uso wake uliosuguliwa. Kwa digrii 230 hivi za sentigredi huwa manjano hafifu kama majani makavu, na ukali hudumu. Kwa digrii 300 hivi huwa buluu, rangi ifaayo springi. Kila hatua hupunguza ugumu na kuongeza uvumilivu.

Pua zenye nguvu nyingi, zilizochanganywa na madini mengine, zina hatari ya namna yake. Baadhi yake zikipoa polepole kati ya digrii 575 na 375, uchafu kama fosforasi na bati husogea ukakusanyika mipakani mwa punje za chuma, na mshikamano hulegea. Jicho haliwezi kuuona udhaifu huo. Mwezi wa Septemba 1969, katika kituo cha umeme cha Hinkley Point huko Uingereza, gurudumu la mtambo lilipasuka vipande vipande lilipokuwa likijaribiwa kwa mwendo wa kasi. Ilionekana kwamba lilipotengenezwa lilipoozwa polepole tanuruni. Basi ufa mdogo sana ulitosha kuliangamiza.

Mkulima naye ana jambo la kuangalia. Mpini wa shoka ukivunjika, wengine hulitupa shoka zima motoni ili kisiki cha mti kilichobaki tunduni kiungue. Kwa kufanya hivyo ile kazi yote ya kiwandani hupotea: makali hulegea na kujikunja yanapokutana na mti mgumu. Na mtu akilitoa likiwa jekundu, akalitumbukiza majini, hulifanya kuwa kama chupa.

Afadhali kisiki kitobolewe na kusukumwa nje kwa nyundo na chuma chembamba. Ikiwa hapana budi kutumia moto, makali na yafukiwe katika udongo uliolowana, tundu peke yake libaki juu, na moto uwe mdogo. Kazi hiyo huchukua muda zaidi, lakini shoka hubaki shoka.