Moto Kilimanjaro: Kinachoungua si miti tu, ni maji pia

Oktoba 11, 2020, moto ulizuka eneo la Whona, kwenye njia ya wapanda mlima kati ya Mandara na Horombo. Mamia ya watu, wakiwemo maofisa wa Tanapa, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka na wananchi wa kawaida, walipanda kuuzima. Oktoba 2022 moto mwingine ukazuka karibu na kambi ya Karanga.

Kwa kawaida habari huishia hapo: moto umezimwa, watalii wako salama. Lakini hasara kubwa zaidi huonekana taratibu, tena mbali na pale palipoungua.

Maji yanatoka wapi?

Wengi wanaamini maji ya Kilimanjaro yanatokana na theluji ya Kibo. Utafiti unasema vingine. Mwaka 2005, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, alionyesha kuwa moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba kupotea kwa miti hiyo kunaathiri maji kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Siri ni ukungu. Miti ya juu hunasa matone yake kwa majani na matawi, kisha maji hudondoka na kuingia ardhini. Eneo likiungua mara kwa mara, vichaka vifupi huchukua nafasi ya miti, na ukungu unapita tu.

Anayeumia ni mkulima wa migomba na kahawa anayetegemea mfereji kumwagilia kihamba chake. Chini zaidi kuna Mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu linalozalisha umeme.

Watafiti nao wanapoteza nini?

Jambo hili lilijulikana kwa sababu watafiti walirudi maeneo yale yale mwaka hadi mwaka na kulinganisha hali ya msitu na picha za satelaiti tangu 1976. Kazi ya namna hiyo haina njia ya mkato. Miti iliyopimwa kwa miaka ikiungua, huwezi kuipima tena, na kifaa kipya hakirudishi takwimu za mwaka uliopita.

Lakini pale penye kumbukumbu za kabla ya moto, majivu nayo yana la kufundisha: nini kinaota tena, na nini kimepotea moja kwa moja. Bila kumbukumbu hizo, inabaki kukisia tu.

Nini kifanyike?

Baada ya moto wa 2020, Tanapa ilisema dalili za awali zilionyesha chanzo ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Warina asali nao wametajwa kwenye tafiti kama chanzo kingine. Maana yake, moto mwingi unazuilika.

Jiko salama kwa mpagazi na mzinga wa kisasa kwa mrina asali ni gharama ndogo ukilinganisha na mfereji uliokauka.