Liyongo hakuletewa keki

KIFUMBU
Na Bi Kifumbu

Wiki hii nimelishwa mkate wa Fumo Liyongo, yule shujaa wa utenzi, wenye zabibu ndani na malai juu. Nimeombwa niseme ni ubunifu. Sisemi.

Ilikuwa usiku wa Alhamisi, katika hoteli moja ya ufuoni hapa Mombasa ambayo siitaji, kwa sababu mhariri wangu ni mtu wa kuogopa simu. Kadi ya mwaliko iliahidi karamu ya fasihi: kila sahani imetoka katika kitabu cha Kiswahili, na kila kiungo ni cha msimu. Nikatoa buibui zuri sandukuni nikaenda.

Tuanze na huo msimu. Kaskazi inavuma, Marikiti kumejaa maembe hadi wauzaji wanakushushia bei kabla hujafungua mdomo. Boribo, ngowe, dodo, chagua mwenyewe. Nje ya lango la hoteli hiyohiyo kijana alikuwa akiuza embe mbichi zilizochanjwa, akizipaka chumvi na pilipili. Ndani tulipewa stroberi. Stroberi, pwani, kaskazi hii! Zimeshuka kutoka bara ndani ya barafu, na zilikuwa na ladha ya safari. Samaki naye alikuja amelalia rojo la boga na mdalasini, maana kuna nchi ambako majani yakipukutika watu hupika kila kitu kwa boga, na sisi, ambao mwembe wetu haupukutiki, tumeamua kuwasaidia. Mchuzi wa samaki kwa embe mbichi, ambao wakati huu unanukia hadi vichochoroni mwa Mji wa Kale, haukuonekana mezani.

Kulikuwa na saladi ya Utubora. Hiyo niliisamehe. Mhusika huyo wa kitabu cha Shaaban Robert aliacha kazi ya mshahara akashika jembe, kwa hiyo majani yana haki ya kuletwa kwa jina lake, ingawa nina hakika angeuliza ni nani aliyeyapalilia na analipwa ngapi.

Kisha ukaletwa mkate. Mweupe, laini, umepakwa siagi hadi unang'ara, ufuta juu, zabibu tele. (Zabibu mimi sizitaki hata kwenye pilau. Vita hivyo nilipigana nanyi wasomaji wa safu hii mwaka jana, na matusi yenu bado nimeyahifadhi.) Katikati yake palikuwa na tupa ya chokoleti iliyofungwa karatasi ya dhahabu. Mpishi mkuu akasimama, kofia kichwani, akatueleza kwamba mamake Liyongo alimwokea mwanawe mkate uliojaa upendo. Makofi. Bibi aliyekaa kando yangu akaupiga picha, akaung'ata, akafumba macho.

Nikashika kisu cha siagi, nikajikumbusha kwamba mimi ni mgeni.

Hebu tusomeshane, kwa kuwa siku hizi watoto wanasoma muhtasari wa mtihani peke yake, kisha wanakua wanakuwa wapishi wakuu. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, Liyongo amefungwa gerezani na mfalme wa Pate. Mamake anampelekea chakula kwa mkono wa mjakazi, Saada, na askari wanakipokonya kila kilicho kizuri wanakula wao. Liyongo akampa Saada ujumbe wa shairi ampelekee mama: oka mkate wa wishwa, na ndani yake utie tupa. Mkate ukaja, askari wakaudharau, wakamwachia ale makapi yake. Usiku wa gungu, ngoma na vigelegele vimetawala, akaikereza minyororo yake pasi mtu kusikia.

Kwa hiyo mkate ule ulikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuwa mbaya. Ungekuwa mzuri wangeula askari, tupa ingewavunja meno, na sisi tusingekuwa na utenzi. Kila aliyefumba macho kwa utamu pale hotelini alikuwa amejiandikisha katika kikosi cha Pate bila kujua.

Na Saada je? Hakutajwa. Msichana aliyebeba shairi kichwani akapita nalo mbele ya askari bila kulikosea neno, kisha akarudi na mkate ule uso mkavu, hakupata hata kachumbari ya jina lake.

Ijumaa baada ya swala nikaamua kuuoka mwenyewe. Wishwa niliupata kwa muuza chakula cha kuku. Akaniuliza nina kuku wangapi. Nikamwambia ninaye mmoja, jogoo, amefungwa Pate.

Wasomi wameandika mengi kuhusu utenzi ule: Liyongo aliishi lini, kaburi lake liko wapi, ushujaa wake una maana gani. Sijakutana na mmoja aliyeukanda huo mkate. Wishwa haushikani. Ukiukanda kwa maji matupu unamomonyoka mkononi, ukiupeleka motoni unafanya nyufa, na tupa inachungulia nje kama panya wa darini. Hata askari mlevi angeiona. Kwa hiyo nasema, na mwenye shahada na aje abishe: mama yule alitia unga. Hakutia mwingi, maana unga ukizidi mkate unapendeza, na ukipendeza Liyongo anafia gerezani.

Mimi nilisonga uji mzito wa unga wa mtama, nikaukandia wishwa ungali moto, chumvi kidogo, sukari hakuna, hamira hakuna, kwa sababu mkate ukifura unavutia. Tupa nilimwibia mtu wa nyumbani kwangu ninayemwita Mwenye Redio, ile yake ya kunolea panga. Nikaing'oa mpini, nikaisugua kwa jivu, nikaizungushia donge unene wa vidole viwili kila upande. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, kama tuokavyo mkate wa kumimina.

Ulitoka wa kijivu, mzito, una harufu ya ghala, na hauna ufa hata mmoja. Niliuacha mezani. Mwenye Redio, mtu ambaye hula boflo lililolala hadi likawa gogo, alikuja kutafuta kitu cha kunywea chai, akautazama, akausogeza kando afikie sukari. Jioni alikuwa bado anaulizia tupa yake.

Huo ndio ustadi wa mama Liyongo: kuoka kitu kibaya kiasi cha kudharauliwa na kizima kiasi cha kutunza siri. Mpishi wa hoteli hana fundisho hilo katika cheti chake.

Wala sisemi hoteli ilishe wageni wishwa. Mtama upo. Mkate wa mofa, uliotoka tanurini sasa hivi, ukichovywa kwenye ule mchuzi wa embe mbichi, ungemtosha Liyongo siku alipotoka, na ungekuwa wa msimu kweli.

Lakini ule mweupe msiuache, maana umo kwenye utenzi na una wenyewe. Uandikeni kwenye kadi Mkate wa Askari, nami nitakuja kuula na nitalipa. Zabibu mzitoe.