Futiboli Isafiri, Voliboli Ibaki Nyumbani

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 12 vikubwa vya Uingereza, Hispania na Italia vilitangaza kuanzisha ligi yao wenyewe, Super League, ambayo waasisi wake wasingeshushwa daraja hata wakifungwa msimu mzima. Mashabiki wa Chelsea wakamwagika barabarani nje ya Stamford Bridge, wanasiasa wakapaza sauti, na kufikia Jumanne usiku vilabu vyote sita vya Uingereza vilikuwa vimejitoa. Miezi mitatu baadaye, ng'ambo ya Atlantiki, vyuo vikuu vya Texas na Oklahoma viliomba kuhama ligi yao, Big 12, na kujiunga na SEC, ligi tajiri ya majimbo ya kusini. Huko hakuna aliyefunga barabara. Mashabiki walinung'unika, wanasheria wakakaa mezani, na Julai 2024 vyuo hivyo viwili vikahamia rasmi.

Anayefuatilia soka lazima kwanza aelewe kwamba michezo ya vyuo vya Marekani haina kupanda wala kushuka daraja. Ligi ni umoja wa vyuo vilivyokubaliana kucheza pamoja, kuuza haki za matangazo kwa pamoja na kugawana mapato. Timu inayoburuza mkia miaka kumi hubaki palepale. Chuo hakipandi kwa kushinda, hupanda kwa kualikwa, na siku hizi anayealika huuliza kwanza ni televisheni ngapi zitawashwa.

Kwa muda mrefu mwaliko ulifuata ramani. Big Ten ilitokana na kikao cha wakuu wa vyuo kilichofanyika Chicago mwaka 1895, na kwa miongo mingi wanachama wake walikuwa wa majimbo ya kati-magharibi. Pac-12 ilizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1915 kwa jina jingine, ikiwa na wanachama wanne wa pwani ya Pasifiki: California, Washington, Oregon na chuo ambacho leo kinaitwa Oregon State. Walikuwa majirani, na ujirani ndio uliozaa utani wa jadi, ule wa ndugu wawili kusoma vyuo viwili na kununiana wiki nzima kabla ya mechi.

Ramani hiyo ilianza kuchanika mahakamani. Hadi mwaka 1984, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndiyo iliyoamua mechi ngapi za futiboli ya Kimarekani zionyeshwe na kila chuo kionekane mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia viliishtaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba mpango huo ulikiuka sheria za ushindani. Mmoja wa wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Colorado. Aliona kuwa mpango ule, pamoja na kasoro zake, ulisaidia kuizuia michezo ya wanafunzi isimezwe na biashara. Kura hazikutosha. Tangu hapo vyuo, na baadaye ligi zao, vikawa huru kuuza mechi kwa bei ya soko.

Soko lilionyesha meno yake tarehe 30 Juni 2022, pale vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilipotangaza kuiacha Pac-12 na kwenda Big Ten. Los Angeles ni soko la pili kwa ukubwa la televisheni nchini humo, na idara ya michezo ya UCLA ilikuwa imelimbikiza nakisi iliyozidi dola milioni 100. Mwezi Agosti mwaka huohuo Big Ten ilitangaza mkataba wa miaka saba na Fox, CBS na NBC wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7.

Pac-12 ilibaki sokoni bila bidhaa yake kubwa. Kamishna wake, George Kliavkoff, alihangaika mwaka mzima kutafuta mnunuzi, na mwishowe akaja na ofa ya Apple ambayo mapato yake yangetegemea idadi ya watu watakaojisajili kutazama. Mwishoni mwa Julai 2023 Colorado, chuo cha Jaji White, kikaaga na kurudi Big 12. Ijumaa ya tarehe 4 Agosti, viongozi wa vyuo tisa vilivyosalia walitarajiwa kukutana asubuhi kuikubali ofa hiyo. Badala yake siku iliisha kwa kuondoka kwa vitano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Ligi yenye zaidi ya mataji 500 ya kitaifa katika michezo mbalimbali ikabaki na wanachama wanne.

Mwezi mmoja baadaye Stanford na California, vyuo vilivyo kando ya ghuba ya San Francisco, vikajiunga na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki. Kati ya waasisi wanne wa Portland, wawili sasa wamo Big Ten, mmoja ACC, na Oregon State akaachiwa nyumba pamoja na Washington State. Hao wawili walilazimika kwenda mahakamani katika mji mdogo wa Colfax, jimbo la Washington, ili waliokwisha kufungasha wasiendelee kupiga kura juu ya mali ya ligi waliyoikimbia.

Ni rahisi kulaani yote haya kwa pamoja. Haki inadai kutenganisha mambo mawili ambayo viongozi wa vyuo waliyafunga kwenye furushi moja: futiboli, na michezo mingine yote.

Futiboli inaweza kuibeba safari. Timu hucheza mechi 12 kwa msimu wa kawaida, moja kwa wiki, nyingi zikiwa Jumamosi. Katika Big Ten ni tisa tu kati ya hizo zilizo za ligi, na karibu nusu huchezwa nyumbani. Wachezaji husafiri kwa ndege ya kukodi wakiwa na madaktari na wapishi. Hasara yake ni ya moyo zaidi. Oklahoma na Oklahoma State walikutana kila mwaka kuanzia 1910 hadi Novemba 2023, Oklahoma State wakashinda 27 kwa 24, na kalenda ikafungwa hapo. Washington na Washington State waliokoa mechi yao kwa kuihamishia Septemba, na mwaka 2024 yule aliyeachwa alimfunga aliyeondoka, 24 kwa 19. Yanauma, lakini mchezo huu umekwisha kuwa biashara na haujifichi tena: mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kugawana na wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Anayelipwa kusafiri, na asafiri.

Sasa mtazame binti anayecheza voliboli UCLA. Ligi yake ina mechi 20, nyingi zikiwa muhula wa kwanza ukiwa umepamba moto, na nyingine huangukia katikati ya wiki. Kutoka Los Angeles hadi chuo cha Rutgers, mwanachama mwenzake wa Big Ten huko New Jersey, ni karibu kilomita 4,000 angani na tofauti ya saa tatu kwenye saa ya ukutani. Rutgers ndicho kilichocheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya vyuo, Novemba 1869, dhidi ya Princeton, jirani asiyefika umbali wa kilomita 30. Huyu binti hakuuza haki zozote za matangazo, hakuulizwa, na mchezo wake haukuwa sababu ya Big Ten kumwalika mtu. Amebebwa kama begi la mkononi la futiboli.

Dawa haihitaji kubuniwa, ipo na inatumika. Notre Dame, moja ya timu zenye mashabiki wengi kuliko zote, haimo katika ligi yoyote ya futiboli. Inajipangia mechi na ina mkataba wake na NBC, huku timu zake nyingine karibu zote zikicheza ACC tangu 2013. Chuo Kikuu cha Connecticut nacho kiliirudisha michezo yake Big East mwaka 2020, ligi yenye watani wake wa mpira wa kikapu, na futiboli ikaachwa ijitafutie wapinzani. Hakuna mbingu iliyoanguka.

Wakuu wa idara za michezo wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Wanasema fedha za futiboli ndizo zinazolipia bwawa la kuogelea na viatu vya wakimbiaji, na kwamba chuo kinachobaki nyuma kwenye futiboli kitaanza kufuta michezo midogo. Ni kweli. Lakini fedha hizo zililetwa na Jumamosi za futiboli. Kuwapandisha ndege wacheza voliboli na softiboli kunazipunguza kwa nauli, hoteli na walimu wa ziada wa masomo. Sababu ya kweli ya kuwaburuza inakaa kwenye studio: ligi zina chaneli zao za televisheni, na chaneli inahitaji kitu cha kuonyesha Jumatano usiku. Hilo ni hitaji la mwenye chaneli, na mwenye chaneli hakupewa dhamana ya kulea wanafunzi.

Afrika Mashariki ina damu yake ndani ya hadithi hii. Washington State, mmoja wa wawili walioachwa, ndicho chuo cha Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi huko Pullman, Mkenya huyo alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha California. Ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji aliivunja Seattle, nyumbani kwa watani wake wa Washington. Zote mbili zilikuwa viwanja vya wanachama wenzake wa ligi. Za mita 10,000 na mita 3,000 zilifuata Vienna na Oslo. Katika chuo hichohicho walipita Samson Kimobwa, Julius Korir aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984, na Bernard Lagat. Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla ya vyuo kumi kuihama rasmi ligi aliyoikimbilia.

Mwanariadha hapambani na safari za kila wiki kama mchezaji wa voliboli, kwa kuwa ligi yake hukutana kwenye mashindano machache tu. Yeye hukatwa kwenye bajeti. Mwezi Juni 2025 Washington State kilitangaza kuachana na michezo ya kuruka na kutupa, kupunguza mbio fupi na za viunzi, na kuelekeza riadha yake kwenye mbio ndefu. Mkimbiaji wa Eldoret anaweza kupumua kwamba mlango wake haukufungwa. Mrusha mkuki hana bahati hiyo.

Mtikisiko unafika mbali zaidi. Ili Pac-12 isife, ilichukua vyuo vitano kutoka ligi ya Mountain West. Mountain West nayo ikaziba pengo kwa kuchukua, miongoni mwa wengine, Texas-El Paso, chuo alichokimbilia Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ligi ya chini yake ikabaki inatafuta wa kujazia. Kila anayehama anamsukuma mwingine, na wa mwisho kwenye foleni huwa chuo kisicho na kamera.

Hata hivyo, vyombo vya umma vinaweza kudai fidia vikitaka. UCLA na California, chuo kinachojulikana pia kama Berkeley, vyote ni mali ya mfumo mmoja wa vyuo vikuu vya jimbo hilo. Bodi yake iliruhusu UCLA kwenda Big Ten, na mwaka 2024 ikaiamuru ilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kwa sababu kuondoka kwake kulimtia ndugu hasara. Fedha hizo ni kidogo mbele ya mabilioni ya televisheni, lakini uamuzi wenyewe umeweka msingi: anayeondoka ana deni kwa anaowaacha, na mwenye chuo anaweza kuweka masharti.

Nafasi ya kuyaweka inakuja. Mkataba wa sasa wa Big Ten unaisha mwaka 2030, na wa Big 12 mwaka unaofuata. Kabla ya hapo wanunuzi watarudi mezani wakitaka mechi nyingi zaidi za futiboli na ligi kubwa zaidi. Wauze futiboli hata kwa ligi ya nchi nzima, ikiwa ndiko soko linakovuta. Ndani ya mkataba huohuo liandikwe sharti kwamba michezo isiyoingiza fedha itarudi kwenye ligi za kikanda, Stanford wakutane na Oregon State, Rutgers na Connecticut, na kwamba sehemu ya mapato ya futiboli itatengwa kuigharamia riadha kabla ya mishahara ya makocha kupangwa. Watakaotia saini kwa niaba ya vyuo ni marais wao, si Fox wala ESPN, na kabla ya kusaini wanaweza kuwauliza manahodha wa voliboli, jambo ambalo Agosti 2023 hawakulifanya.