Bei ya kishikwambi haiishii Kariakoo

Wafanyabiashara wenzangu wa Chake, Wete, Mkoani, Konde na kwengineko, leo tuzungumze habari ya vishikwambi. Naona kila mtu anakitaka, na kila baada ya siku mbili tatu nasikia mwenzetu mwengine kapigwa.

Nianze na mimi mwenyewe. Mie nauza mabaibui, mitandio na udi. Mwaka juzi, Ramadhani inakaribia, zamu yangu ya upatu ikafika. Hela ile ilikuwa ya kuongezea mzigo wa sikukuu. Sasa nikaona tangazo mtandaoni: kishikwambi cha inchi 10, RAM 12GB, nafasi 512GB, laini mbili, na juu yake unapewa kava, kibodi na spika za masikioni bure. Bei 230,000. Nikasema hapa nimeokota dodo. Nikalipa zote kabla sijakiona, mzigo ukaja kwa boti mpaka Mkoani.

Siku tatu za mwanzo kilikwenda. Ya nne, nikifungua WhatsApp huku Instagram iko wazi, kinaganda mpaka nikizime. Baibui jeusi nikilipiga picha linatoka la kijivu, mteja anauliza "hili limefuliwa mara ngapi?" Nafasi ile ya 512GB ikajaa baada ya video chache tu. Nikampigia muuzaji, akaniambia nikirudishe dukani kwake Dar, gharama juu yangu. Nikapiga hesabu: boti ya Unguja, boti ya Dar, pa kulala, na kurudi. Nikaona nauli itakula nusu ya bei ya kitu chenyewe na zaidi, na siku zote hizo duka langu limelala. Nikanyamaza. Sikukuu ile niliuza mzigo wa zamani.

Ndipo msimamo wangu ulipotokea, na najua wapo watakaonipinga: kwa sisi wa Pemba, kishikwambi cha bei halali mara nyingi ni kile unachokinunua hapa hapa Chake au Wete, hata kama kimezidi elfu thelathini au hamsini kuliko cha Kariakoo. Ile ziada unanunua kitu: unanunua mlango wa kugonga kikiharibika. Muuzaji unamjua, duka lake unalipita kila siku, na yeye anajua utalipita. Waranti ya mwaka mmoja iliyoko ng'ambo ya bahari mbili, kwa mtu mwenye mtaji wa laki tatu nne, ni karatasi tu.

Lakini msije mkadhani nasema ununue chochote kwa yeyote aliye karibu. Duka la jirani nalo linaweza kukuuzia kitu kibovu. Kwa hiyo kwanza jiulize kishikwambi unakitakia nini.

Kama ni kwa picha za bidhaa, mimi nakushauri usinunue. Kwa pesa ile ile, simu inapiga picha nzuri kuliko kishikwambi karibu mara zote. Kishikwambi faida yake ni kioo: kumwonyesha mteja rangi na miundo bila kubana macho, kuandika hesabu za mauzo na madeni, kujibu meseji nyingi kwa raha. Dada anayeuza halua Wete au sabuni ya mwani, ambaye anapokea oda tano kwa siku, simu yake inamtosha. Hiyo hela aitie kwenye vifungashio.

Ukishaona kweli unakihitaji, linakuja suala la laini. Vipo vya Wi-Fi tu na vipo vya kuweka laini, na mara nyingi jina ni moja na sura ni moja. Samsung Galaxy Tab A9, kwa mfano, iko ya aina zote mbili, na cha Wi-Fi tu huwa bei ya chini. Mtu anaweza kukuuzia cha Wi-Fi kwa bei ya chenye laini na usijue mpaka umefika nyumbani unatafuta tundu. Angalia kwenye boksi, na tundu lenyewe ulione kwa macho.

Na hata tundu likiwepo, bado. Vipo vishikwambi ambavyo laini inaleta intaneti tu, havipigi simu wala haviingii kwenye menyu za kubonyeza nyota. Sasa wewe biashara yako yote ni *150*00# au *150*60#, utafanyaje? Hili watu wengi hawalijaribu. Toa laini yako, itie mle dukani, bonyeza *106# uone kama usajili wa laini zako unatokea. Ukitokea, na menyu ya pesa itafunguka. Kisipokubali, si lazima ukiache, lakini ujue unalipia intaneti tu, na bei iteremke.

Mimi binafsi siku hizi naona cha Wi-Fi kinatosha kwa wengi wetu. Laini ya pesa ibaki kwenye simu, mfukoni mwako, siyo kwenye kitu ambacho watoto wanakichukua kutazama katuni. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha vifaa vinne zaidi ya simu yako kwa namba ile ile, kwa hiyo simu unawasha hotspoti na kishikwambi kinajibu wateja. Chenye laini kina maana pale unapomwachia msaidizi dukani halafu wewe umekwenda kupokea mzigo bandarini.

Tuje kwenye namba za kwenye tangazo, maana huku ndiko tunakoliwa. Ukiona "RAM 12GB" kwa laki mbili, uliza swali moja: ngapi ni ya kweli na ngapi ni ya kuazima? Mtindo wa sasa ni kuchukua sehemu ya nafasi ya kuhifadhia na kuihesabu kama RAM. Kwa hiyo 4 ya kweli na 8 ya kuazima wanakuandikia 12. Hiyo ya kuazima ni nzito, haikukimbizii kitu. Na huo ni ule uwongo wa heshima. Upo mwengine mbaya zaidi: programu ya ndani imechezewa ili kifaa kiseme kina 512GB wakati kina 32 au 64. Ukienda kwenye mipangilio kinakuonyesha 512 bila haya, na ndicho kilichonikuta mimi.

Bora uchukue jina linalojulikana, Samsung, Lenovo, Tecno au mfano wake, chenye RAM 4GB ya kweli na nafasi 64GB, kuliko kisicho na ukoo chenye namba za kutisha. Chini ya 4GB mimi sikushauri tena. Na tazama tundu la chaji: kikiwa na lile dogo la zamani la upande mmoja badala ya Type-C, ujue ni muundo wa zamani, hata boksi liwe jipya namna gani. Kisha fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Google. Kama hakijathibitishwa, usishangae programu ya benki ikikataa kufunguka.

Kwa vyenye laini, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, au itafute kwenye mipangilio, na uilinganishe na ya kwenye boksi. TCRA waliweka utaratibu wa kutuma namba hiyo kwa meseji kwenda 15090 ili ujue kama kifaa ni halisi. Wenye kumbukumbu watakumbuka Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima, na mtu ameshika simu nzuri mkononi imekuwa saa ya ukutani.

Vilivyotumika sivikatai. Nilichonacho sasa ndicho hicho hicho, nilikipata Chake kwa mtu aliyekuwa anahama, na nilikikagua karibu saa nzima mpaka akachoka. Lakini usikubali kukabidhiwa kimeshafunguliwa kila kitu. Mwambie akifute chote mbele yako, halafu mkiwashe upya kikiwa na intaneti. Kikidai akaunti ya mtu wa mwanzo na yeye hawezi kuiingiza, mrudishie. Vipo pia vya mkopo, ambavyo mkopeshaji anavifunga kwa mbali malipo yakikatika, nawe umeshalipa kwa mtu mwengine. Na ukiambiwa "hichi cha sensa" au "hichi cha skuli," usiulize bei. Vile vya sensa ya Agosti 2022 ni mali ya serikali, na rahisi yake itakupeleka pabaya.

Wapo watakaosema mimi nawapigia debe wenye maduka wa hapa. Basi ukitaka Kariakoo, nenda, bei zake kweli ziko chini. Ila usilipe kwa tangazo. Mtafute mtu wako aliyeko Dar, akae na kifaa dukani, akupigie simu ya video akikuonyesha tundu la laini, boksi na *#06#, ndiyo utume pesa. Akikutana na winga mlangoni, asikubali kuletewa kitu kutoka duka asilolijua, maana kesho winga hayupo na duka hulijui. Risiti iandikwe jina la kifaa na namba yake, siyo "kishikwambi 1" basi. Na kwenye bei jumlisha nauli ya mzigo, kava, na kioo cha kuzuia mikwaruzo, ambacho kwa vishikwambi visivyo na jina huku kwetu hukipati. Nilizunguka Chake nzima kutafuta cha kile changu, fundi mmoja akaniambia, "Mama, hichi nikukatie cha simu mbili nizipange?"

Ukishajumlisha hivyo, ndiyo uende kwa muuzaji wa hapa umwambie, "Kaka, Kariakoo kinanifikia kwa kiasi hiki mpaka mlangoni, wewe utanipa kwa ngapi?" Mimi nilipomwendea mmoja na hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi, alipunguza elfu ishirini na tano na kava akaongeza. Kile cha kwanza bado kipo nyumbani, wanangu wanasomea Qur-ani wakiwa wamekichomeka ukutani, maana betri nayo imeshakufa.